Uzi: Yoga ya Ashtanga ya mtindo wa Mysore. Mwalimu hahesabu, kila mtu na lake, sasa mtu anajifunzaje hapo?

PumziKwanza

Wakuu habari zenu. Naomba hili tuliongee kwa kirefu kwa sababu naona watu wengi wanaingia darasa la Ashtanga la mtindo wa Mysore mara moja tu na hawarudi, na ukiwauliza sababu ni ileile: nimefika nimekuta watu wamejaa, huyu kasimamia kichwa, huyu amekaa kajikunja, yule ndo kwanza anasalimia jua, mwalimu anapita katikati ya mikeka haongei, hakuna muziki, hakuna kioo, hakuna mtu wa mbele wa kumfuatisha, nikaonyeshwa vitu viwili vitatu nikaambiwa rudia, baadaye nikaambiwa lala pumzika halafu nenda nyumbani. Mtu anaona kaonewa. Mimi nasema siku hiyo amefundishwa vizuri kuliko anavyodhani, tatizo hakuna aliyemweleza kinachoendelea mle ndani. Wacha nijaribu.

Mysore ni mji wa kusini mwa India, jimbo la Karnataka, siku hizi kiserikali unaandikwa Mysuru. Hapo ndipo alipokuwa anafundisha K. Pattabhi Jois, mwalimu aliyeieneza hii Ashtanga, aliyezaliwa 1915 na kufariki 2009. Yeye alianza kufundishwa na mwalimu wa yoga Krishnamacharya mwaka 1927, mtoto wa miaka 12, na mwaka 1948 akafungua taasisi yake hapohapo mjini. Chumba chake cha zamani kule Lakshmipuram kilikuwa kidogo, wanaingia watu wachache, wengine wanasubiri nje, mmoja akimaliza anaitwa mwingine. Kwa hiyo huu utaratibu wa kila mtu kwa muda wake ulitokana na mazingira hayo, watu hawaanzi pamoja wala hawamalizi pamoja na kila mmoja ana mwili wake, sasa utawahesabiaje wote kwa mpigo? Mbelgiji André Van Lysebeth alifika kwake 1964, Wamarekani wakaanza kuja mwanzoni mwa miaka ya 70, na 1975 Jois mwenyewe akaenda California pamoja na mwanae Manju, ndo ikasambaa hivyo hadi leo.

Sasa chumba kinavyokwenda. Mlango unakuwa wazi masaa mawili au matatu, mara nyingi alfajiri, wewe unaingia ndani ya hayo masaa muda unaokufaa, unatandika mkeka penye nafasi unaanza. Mpangilio wa mapozi ni uleule kwa wote: salamu za jua A, salamu za jua B, mapozi ya kusimama, ya kukaa, halafu ya kufungia. Kinachotofautiana ni umefika wapi kwenye huo mstari na pumzi yako ina urefu gani. Aliyeanza juzi anafika kwenye kusimama anaishia hapo, anarukia ya kufungia, analala. Wa siku nyingi anamaliza mfululizo wote wa kwanza, kama saa moja na nusu hivi. Pembeni yake kuna mtu yuko mfululizo wa pili. Wote chumba kimoja. Na mwalimu kwa sababu hana kazi ya kuhesabu wala kuonyesha mbele, macho yake na mikono yake iko huru kwenda kwa mtu mmoja mmoja. Ukikaa vizuri ukafikiria hilo ni darasa binafsi ila mko wengi.

Siku ya kwanza mwalimu anakaa na wewe kwenye salamu A, anakuhesabia polepole. Ekam (ni moja kwa kisanskriti, zinazofuata ni mbili, tatu na kuendelea), unavuta pumzi mikono inapanda, macho kwenye vidole gumba. Dve, unatoa unainama. Trini, unavuta unanyanyua kifua. Chatvari, unatoa unaruka nyuma au unapiga hatua nyuma unashuka, viwiko vimebana ubavuni. Pancha, unavuta kifua kinakuja mbele na juu, mapaja hayagusi chini. Shat, unatoa nyonga zinapanda, hapo unakaa pumzi tano. Sapta unavuta unarudi mbele kati ya mikono, ashtau unatoa unainama, nava unavuta unasimama mikono juu, halafu unarudi wima. Hesabu tisa. Kila tendo na pumzi yake, halikai tendo bila pumzi. Anakufanyisha mara ya pili anahesabu kidogo, mara ya tatu ananyamaza anakuangalia, mara ya nne anaondoka kabisa anakuacha. Watu wengi hapo wanapata hofu, wanasimama wanaangaza macho. Na hapo ndipo kujifunza kunapoanza, kwa sababu kichwa kinaanza kutafuta chenyewe "baada ya hii inafuata nini, navuta au natoa". Kwenye darasa la kufuatisha unaweza kwenda mwaka mzima usijue kinachofuata, maana siku zote kuna mtu anakujulia.

Tuendelee, wenye uzoefu karibuni, wenye maswali ulizeni.

Mama_wa_Alfajiri

Nakazia hapo kwenye kuachwa. Mimi nafundisha hii kitu na niseme kwa upande wetu, siyo kwamba mwalimu kakusahau. Nikiondoka kwenye mkeka wako naendelea kukusikiliza, kweli kabisa, chumba kikiwa kimya unasikia pumzi za watu na ukizoea unajua nani pumzi yake imekatika bila hata kugeuka. Mtu akianza kuhema au akikaa kimya ghafla najua kapotea au kajibana mahali, narudi. Mkisikia walimu hawataki muziki sababu moja kubwa ni hiyo.

Halafu mgeni simpi vingi kwa makusudi. Naweza kumwonyesha mapozi kumi siku ya kwanza na atayafanya yote, lakini kesho yake atakuja hana hata moja. Nikimpa salamu A na B tu, mara tano tano au hata tatu tatu, kesho anakuja anaanza mwenyewe kabla sijamfikia. Raha ya kuona hiyo siwezi kuelezea.

kijana_wa_mkeka

Wakuu uzi mzuri sana. Mimi kukariri ni mgumu kweli toka shule, hayo majina ya kihindi ndo yananimaliza. Kwa nini wasitupe tu karatasi yenye picha tukaweka pembeni ya mkeka tukawa tunaangalia? Au video kwenye simu?

PumziKwanza

Mkuu karibu. Karatasi siyo dhambi, nyumbani jioni ukae uangalie mpangilio ni vizuri tu. Ila mkekani ina shida yake. Ukitoka kwenye pozi unageuza shingo unaangalia karatasi, pumzi imekatika, joto limeshuka, na macho yametoka yanapotakiwa kuwa. Ashtanga inakuomba vitu vitatu kwa pamoja: pumzi, kuufunga mwili kwa ndani chini ya kitovu na kwenye sakafu ya nyonga (wanaita bandha), na mahali pa kutazama, drishti, kila pozi lina pake, ncha ya pua, dole gumba la mguu, kiganja, pembeni. Macho yakiwa kwenye karatasi la tatu umelipoteza na mengine yanalifuata.

Majina usiyaogope, yanakuja yenyewe kwa kusikia. Mimi nilishika mwili kwanza majina baadaye sana. Ukisahau kinachofuata ndani ya chumba simama, vuta pumzi, nyoosha macho kwa mwalimu, atakuja au atakutajia kwa mbali. Hakuna anayekasirika, hiyo ndo kazi yake.

Bi_Subira

Kijana mwanangu nikusaidie hapo kwenye kukariri, mimi nimeanza umri umeshaenda na kichwa changu siyo cha kusomea mitihani. Usikariri orodha. Kariri viungio. Yaani pozi la kusimama la pembetatu likiisha najua nageukia upande ule ule nazungusha kiwiliwili, mwili wenyewe unataka kurekebisha kile ulichofanya. Ya kukaa ndo kabisa, baada ya kila upande unanyanyua mwili unaruka nyuma unapita chaturanga (ile ya kushuka viwiko vimebana ubavuni) unarudi unakaa, sasa ule mzunguko unakupa muda wa kukumbuka linalofuata. Utaona unafika kwenye janu sirsasana A (ile ya kukaa mguu mmoja umekunjwa unainama mbele) mguu unajua wenyewe kwamba B kisigino kinaingia chini yako na C vidole vinageukia chini. Na ukipewa pozi moja moja kwa wiki au zaidi, jipya linakuja la zamani limeshakaa.

Kuruka kwenyewe mimi siruki, natembeza miguu nyuma. Mwalimu wangu hajawahi kunisemesha kwa hilo.

Mtulivu88

mi naomba niulize kitu ambacho kinanikera kwa kweli. nimeishia kwenye marichyasana D (pozi la kukaa na kujizungusha) muda mrefu sana, mikono haishikani nyuma, kila siku nikifika pale mwalimu ananisaidia kidogo halafu ananiambia maliza, nenda pozi la daraja halafu ya kufungia. wakati navasana (ya mashua, inayofuata) na zile za mbele yake nyingine naziweza kabisa, nimejaribu nyumbani. mtu aliyekuja baada yangu kashanipita. huu si ubaguzi? kwa nini nisiruke hilo pozi nikaendelea

PumziKwanza

Mtulivu nakuelewa, hiyo sehemu inaumiza watu wengi moyo na walimu wenyewe hawakubaliani, nitasema pande zote mbili.

Upande wa kwanza, mpangilio una akili yake. Angalia nyonga peke yake: kwenye kusimama kuna ardha baddha padmottanasana, mguu mmoja juu ya paja umesimama. Ukikaa kuna ile ardha baddha padma paschimattanasana, kitu kilekile lakini umekaa unainama. Kisha janu sirsasana tatu zinafungua nyonga kwa pembe tofauti. Kisha marichyasana B mguu mmoja umepandishwa pajani mwingine umesimama na unainama mbele, halafu D ni hiyo hiyo B lakini unajizungusha. Baadaye mbele huko kuna garbha pindasana, miguu yote miwili imekunjwa na mikono inapita katikati yake. Sasa nyonga ambayo haijafunguka kwenye D ukiipeleka garbha pindasana itakayolipa ni goti. Kwa hiyo mwalimu anaposema ishia hapo mara nyingi analinda kitu ambacho wewe hukioni bado.

Upande wa pili, kuna miili ambayo mikono haitashikana kwenye D, mikono mifupi, kiwiliwili kipana, nyonga za kuzaliwa hivyo, na kumfungia mtu pale miaka ni kumnyima vitu ambavyo vingemsaidia. Walimu wengi sasa wanampa mtu taulo ashike katikati ya mikono, au anashika shati, anapumua tano anaendelea navasana. Mimi niko upande huu. Pozi likifanyika kwa pumzi tulivu na goti halilalamiki, limefanyika.

Kuhusu aliyekupita, ndugu yangu, yeye kapewa dozi yake na wewe yako. Lakini mwulize mwalimu wako uso kwa uso, baada ya darasa siyo katikati, mwambie nataka kujua unaangalia nini kwangu pale D. Mwalimu mzuri atakujibu kwa kitu maalum, mfano "unazungusha kwa bega wakati kiuno kimelala", siyo "bado hujawa tayari" halafu basi.

Mama_wa_Alfajiri

Niongeze moja kwa Mtulivu. Ukiwa pale D hakikisha unachozungusha ni mgongo wa juu, mfupa wa kukalia upande wa mguu uliosimama uache ubaki mzito, na ule mguu uliokunja kisigino kielekee kitovuni siyo kikae pembeni pembeni kwenye goti. Kisigino kikikaa pajani katikati goti linakunjwa pembeni na goti halina kazi hiyo, goti linafunguka na kufunga kama bawaba ya mlango, kuzunguka ni kazi ya nyonga. Ukisikia maumivu makali ndani ya goti toka kwenye pozi hapo hapo, usisubiri pumzi ya tano.

zuhura_mkimya

Naomba niongelee kurekebishwa kwa mikono maana hakuna aliyegusa na mimi ndiyo iliyonifanya nikae mbali na haya madarasa kwa muda mrefu. Kuna mwalimu mmoja wa zamani alinilalia mgongoni kwenye paschimattanasana (kukaa umenyoosha miguu unainama mbele) bila kuniuliza, nilisikia kitu kinavutika nyuma ya paja, ikanichukua miezi kukaa vizuri kwenye kiti. Na sikusema chochote kwa sababu chumba kimya, kila mtu anaendelea, unaona kama ukisema utavuruga.

Halafu baadaye ndo nikaja kujua historia yenyewe ina kidonda. Watu wanapomtaja Pattabhi Jois wanataja mazuri tu, lakini baada ya kifo chake wanawake waliokuwa wanafunzi wake walijitokeza hadharani wakaeleza alivyokuwa anawagusa isivyofaa kwa jina la kuwarekebisha, na mwaka 2019 mjukuu wake Sharath Jois, aliyekuwa ameshika nafasi yake, alikiri hadharani kwamba na yeye aliwahi kushuhudia marekebisho yasiyofaa na akaomba radhi. Sharath mwenyewe amefariki Novemba 2024. Nasema haya siyo kuharibu uzi, nasema kwa sababu anayeanza anatakiwa ajue kwamba ukimya wa kile chumba haumaanishi umekubali kuguswa.

PumziKwanza

Dada Zuhura asante sana kwa kuliweka, na pole kwa yaliyokupata. Hili lilitakiwa liwe kwenye bandiko la kwanza kabisa na nimefurahi limesemwa na mtu aliyelipitia. Hakuna kurekebishwa kwa lazima. Unaweza kumaliza mfululizo wote bila mtu kukugusa hata mara moja na ukajifunza vizuri tu, kwa maneno.

Mama_wa_Alfajiri

Zuhura nakuunga mkono kwa asilimia zote. Mimi kwenye chumba changu kila mtu anaulizwa siku ya kwanza, na kila mkeka una kadi ndogo, ukiigeuza upande mmoja maana yake leo sitaki kuguswa na hakuna maelezo unayodaiwa. Unaweza kubadilisha katikati ya mazoezi. Ukienda mahali huna uhakika, kabla hujatandika mkeka mwambie mwalimu "naomba maelekezo ya mdomo tu". Akinuna, kusanya mkeka wako.

Na kiufundi mkono wa mwalimu unatakiwa kukupa mwelekeo. Kwa mfano naweka kiganja kwenye nyonga yako kwenye pembetatu ili usikie inatakiwa irudi nyuma, basi, kazi unaifanya wewe. Kumlalia mtu mwenye nyuma ya paja pamekaza mpaka afike kwenye vidole sioni kinamfundisha nini.

Hilo la nyuma ya paja naomba wote mlisome, ni jeraha la kawaida sana kwenye Ashtanga kwa sababu mfululizo wa kwanza umejaa kuinama mbele. Maumivu yanakaa juu kabisa pale msuli unaposhikana na mfupa wa kukalia, unayasikia ukiinama au ukikaa muda mrefu. Ukiyapata usiyanyooshe ukidhani yamekaza, utazidi kuchana. Kunja magoti kwenye kila kuinama, punguza kina, acha kujivuta kwa mikono, na uwe na subira maana pale pana damu kidogo na panapona taratibu. Yakizidi nenda kwa daktari au mtaalamu wa viungo.

kijana_wa_mkeka

Duh hapo nimejifunza. Sasa ngoja, kuna watu wanasema kuna darasa lingine la Ashtanga ambalo mwalimu anahesabu na wote mnaenda pamoja, hilo linakuwaje, si ningeanza na hilo?

Mtulivu88

ipo, ile ya kuhesabiwa. kwetu iko mara moja kwa wiki. mwalimu anahesabu kwa kisanskriti mwanzo mwisho na hamna kusimama, kama hujafika pozi fulani unakaa pembeni unasubiri mpaka ya kufungia. binafsi naipenda kwa sababu inanionyesha wapi huwa nadanganya, kuna pozi nikiwa peke yangu napumua pumzi tano za haraka haraka na kuna mengine nakaa kumi kwa sababu nayapenda, navasana ile ya mara tano ndo kabisa. ukihesabiwa huna pa kujificha. ila kuanza nayo mh sikushauri utapotea dakika ya kumi

PumziKwanza

Mtulivu kasema vizuri. Hizi mbili zinasaidiana, ya kuhesabiwa inakupa mdundo sahihi, siku nyingine zote unaenda kuutumia kwa pumzi yako mwenyewe. Ila kama eneo lako kuna darasa la wanaoanza ambapo mwalimu anasimama anaelezea, mkuu nenda, siyo lazima uingie Mysore kavu kavu.

Ratiba ya kimapokeo ni siku sita kwa wiki, siku moja mapumziko, na pia siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo watu hawafanyi. Hizo zinaangukia mara mbili kwa mwezi hivi. Anayeanza siku sita zisimtishe, tatu za uhakika zinatosha kabisa, mradi ni zilezile kila wiki maana mwili unakumbuka kwa kurudia na ukiweka mapengo yasiyoeleweka kila siku unaanza upya.

Bi_Subira

Na kina dada, siku za hedhi kwa mapokeo unapumzika, kama siku tatu za mwanzo. Wengine wanafanya kidogo wanaacha zile za kupindua mwili kichwa chini. Sikiliza mwili wako, mwalimu asikulazimishe upande wowote.

Nina jambo moja nataka kulisema hapa kwa sababu limenigusa. Mwanzoni nilikuwa naona aibu, kijana pembeni yangu ananyanyuka kwa mikono kama hana uzito na mimi bado nakunja magoti kugusa chini. Kuna siku nikamwona yule kijana yuko kwenye supta kurmasana, ile unalala miguu inapita nyuma ya kichwa na mikono imefungwa mgongoni, anatetemeka, pumzi inamwishia, mwalimu amechuchumaa pembeni yake anamwambia polepole "pumua, usitafute kufika". Maneno yaleyale aliyoniambia mimi dakika tano kabla kwenye kuinama tu kwa kawaida. Tangu siku hiyo macho yangu hayajatoka kwenye mkeka wangu. Nafanya kazi yangu na yeye anafanya yake na pumzi yake inanisaidia, kweli inasaidia, siku ambayo nimechoka nikisikia watu wanapumua kwa mpangilio na mimi naingia humo humo naenda nao. Nyumbani hicho kitu sikipati.

zuhura_mkimya

Bi Subira shikamoo mama. Hayo ya pumzi za watu ni kweli mtupu, ndiyo iliyonirudisha mimi. Nilipata mwalimu anayeuliza kabla ya kugusa, nikaanza tena taratibu na magoti yamekunjwa.

Niulize kuhusu nyumbani sasa, kuna wiki siwezi kufika. Nikifanya peke yangu nafanya nusu naacha. Kuna mbinu?

Bi_Subira

Marahaba mwanangu. Mimi nyumbani sijiwekei kumaliza. Najiwekea salamu A tatu na salamu B tatu na mapozi matatu ya mwisho ya kukaa, basi. Mara nyingi nikifika salamu B ya pili mwili unataka wenyewe kuendelea. Nisipotaka nalala napumzika na nahesabu nimefanya.

PumziKwanza

Hapo hapo. Na muda ukiwa mfupi kata katikati usikate mwisho. Yaani fanya salamu, fanya kusimama, ya kukaa fanya mawili matatu au ruka yote, lakini ya kufungia na kulala mwisho usiache, maana watu wanakatisha wakiwa wamechemka wanakimbilia shughuli na mchana wanashangaa kichwa kinauma na hasira zimejaa. Kulala dakika kumi kama huna basi hata tano, mwili ujue umemaliza. Tumbo liwe tupu, na usijipe pozi jipya nyumbani kwa sababu umeliona kwenye video, subiri ulipewe na mtu anayekuangalia, hasa kusimama kichwa. Kusimama kichwa uzito mkubwa ubebwe na mikono na mabega, shingo isibanwe, sasa hilo peke yako huwezi kuliona.

mgeni_wa_zamani

nimesoma uzi wote toka juu naomba na mimi nisaidiwe. nilikuwa nafanya mfululizo wa kwanza wote nikaacha zaidi ya mwaka, kazi na mtoto. nataka kurudi kwenye kile chumba lakini najua nikifika mwili hautafanya hata nusu na wote wananijua nilipokuwa. nirudi vipi, nijifanye mgeni au nijaribu kwenda mpaka nilipoishia?

Mama_wa_Alfajiri

Karibu tena. Hakuna kati ya hayo mawili. Kichwa chako kinakumbuka mpangilio wote na hiyo ndo hatari kwa anayerudi, kumbukumbu iko mbele ya misuli na mishipa, unajikuta unaingia pozi kwa mazoea kumbe nyuma ya paja na mabega hayako kule tena. Wiki ya kwanza fanya salamu na kusimama, halafu kufungia. Chaturanga shusha magoti chini mpaka mabega yawe na nguvu ya kukushusha polepole bila kudondoka, bega linaumia hapo kuliko sehemu nyingine kwa sababu linarudiwa mara nyingi sana ndani ya mazoezi mamoja. Wiki ya pili ongeza ya kukaa mpaka janu sirsasana. Kisha ongeza moja mbili kila ukiona kesho yake umeamka vizuri, ukiamka umekakamaa mpaka kushuka ngazi ni shida baki ulipo siku kadhaa. Mfululizo wote utarudi na mara hii utaupita polepole zaidi.

Kama ulijifungua wewe mwenyewe mwambie mwalimu kabla hujaanza, na upate ruhusa ya daktari, maana tumbo na sakafu ya nyonga vinahitaji mpango wake na kuna mapozi ya kujizungusha na ya kuruka ambayo tutayaacha kwanza.

mgeni_wa_zamani

ni mimi nimejifungua ndiyo, asante mama. daktari kesharuhusu mazoezi mepesi. basi nitaongea na mwalimu hiyo jumatatu, nitafika mapema watu hawajawa wengi nipate nafasi ya kumweleza vizuri

PumziKwanza

Safi sana. Ukifika chukua nafasi karibu na ukuta, kusimama kwa mguu mmoja kwenye utthita hasta padangusthasana utauhitaji wiki za mwanzo. Na urudi hapa utuambie imekwendaje.